Tunajuaje Tusichokiona? Miale ya Infraredi na Metali Zilizomo Katika Jani



Utangulizi

Katika jumuiya zetu ndogondogo na katika vikao vya parokiani, kuna kauli mbili zinazorudi mara kwa mara panapotajwa sayansi. Mmoja husema: "Wanasayansi hawajui hata jani la kijani linavyofanya kazi, basi hapo ndipo alipo Mungu." Mwingine, mara nyingi kijana aliyetoka chuoni, hujibu: "Kila kitu ni kemia tu, na Mungu haonekani kwenye kipimo chochote." Sisi tunaosoma falsafa seminarini tunakutana na wote wawili, na tutakutana nao zaidi siku tutakapotumwa kufundisha na kuhubiri. Somo hili linataka kuonyesha kwamba kauli zote mbili zina udhaifu uleule: wasemaji hawajajiuliza namna ambavyo mwanadamu anajua kile anachosema anakijua.

Badala ya kulijibu jambo hili kwa maneno ya jumla, tumechagua mfano mmoja halisi na tutaufuata hatua kwa hatua. Mfano wenyewe ni jinsi watafiti wanavyotumia miale ya infraredi kuchunguza protini zenye metali ndani yake, zile zinazoliwezesha jani kupasua maji na kutoa oksijeni. Hakuna aliyewahi kuiona kazi hiyo kwa macho. Hata hivyo mengi yanajulikana juu yake, na njia ya kuyajua ina mafundisho kwa anayesoma falsafa na kwa muumini yeyote anayetaka kuisema imani yake vizuri.

1. Metali ndani ya jani

Usanisinuru ni kazi inayofanywa na mimea, mwani na baadhi ya bakteria ya kuchukua mwanga wa jua, maji na kaboni dioksidi na kutengeneza chakula. Ngano ya hostia, zabibu za divai, ugali na maharage ya mezani, vyote chanzo chake ni hapo. Oksijeni tunayoivuta nayo ni zao la kazi hiyohiyo.

Tukisikia neno "metali" tunafikiri nondo, sufuria na waya. Lakini jani haliwezi kufanya kazi bila metali, ingawa inazihitaji kwa kiasi kidogo sana. Katikati ya kila molekuli ya klorofili, ile inayolipa jani rangi ya kijani, kuna atomu moja ya magnesi. Protini ziitwazo saitokromu zina chuma. Protini nyingine ndogo iitwayo plastosayanini ina shaba, na kazi yake ni kubeba elektroni kutoka kituo kimoja hadi kingine. Na pale maji yanapopasuliwa pana manganizi na kalisi.

Metali hizi zimeshikwa na protini kama jiwe la pete linavyoshikwa na pete. Baadhi yake, yaani chuma, shaba na manganizi, zina sifa kubwa ya kuweza kutoa elektroni na kuipokea tena bila kuharibika. Kwa sababu hiyo, mahali penye kupokezana elektroni ndani ya viumbe hai, mara nyingi tutaikuta metali.

2. Mahali maji yanapopasuliwa

Protini inayohusika na maji huitwa Fotosistemu ya Pili. Ni mkusanyiko mkubwa wa minyororo ya protini, na ndani yake kuna kifundo kidogo chenye atomu nne za manganizi, atomu moja ya kalisi na atomu tano za oksijeni zinazoziunganisha. Mwaka 2011 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Jian-Ren Shen na Nobuo Kamiya, walichapisha picha ya wazi ya kifundo hicho. Waliipata kwa kupitisha eksirei katika fuwele za protini hiyo iliyotolewa kwa bakteria wanaoishi katika chemchemi za maji moto. Walihesabu pia molekuli za maji zaidi ya 1,300 katika kila nusu ya protini hiyo, maana huwa zinakaa mbili mbili kama pacha.

Kazi ya kifundo ni hii: molekuli mbili za maji huingia, na zinatoka molekuli moja ya oksijeni, protoni nne na elektroni nne. Lakini mwanga huondoa elektroni moja tu kwa wakati. Kwa hiyo kifundo kinalazimika kuhesabu hadi nne kabla ya kutoa oksijeni.

Hesabu hiyo iligunduliwa kwa jaribio rahisi kueleza. Mwaka 1969 Mfaransa Pierre Joliot na wenzake waliweka sampuli gizani, kisha wakaimulika kwa mimweko mifupi ya mwanga, mmoja baada ya mwingine, wakipima oksijeni kila mara. Mmweko wa kwanza haukutoa kitu cha maana. Wa tatu ulitoa oksijeni nyingi kuliko yote. Kisha kilele kilirudi kwenye mmweko wa saba, halafu wa kumi na moja, yaani kila baada ya mimweko minne. Mwaka 1970 Mholanzi Bessel Kok, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza kwamba kifundo kinapitia hali tano, alizozipa majina S0 hadi S4. Gizani, vifundo vingi hupumzika katika hali ya S1. Ndiyo maana mmweko wa tatu, na si wa nne, ndio unaofikisha hesabu.

Tazama, ndugu msomaji, kilichofanyika hapa. Hakuna aliyeiona S1 wala S2. Watu walipima oksijeni, wakaona mpangilio, wakatoka kwenye matokeo kwenda kwenye sababu. Hata hivyo mpangilio wa nne nne unatuambia tu kwamba kuna ngazi nne. Hautuambii kinachotokea katika kila ngazi: atomu ipi imesogea, kifungo kipi kimelegea, protoni imetoka wapi. Kwa maswali hayo ilihitajika njia nyingine.

3. Miale ya infraredi na mitetemo ya molekuli

Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel, huko Uingereza, alitawanya mwanga wa jua kwa prizimu na kuweka vipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, joto lilipanda. Kulikuwa na miale isiyoonekana. Ndiyo tunayoiita infraredi. Ukikaa mbele ya jiko la mkaa, joto linalokufikia usoni kabla hujaligusa jiko huletwa kwa sehemu kubwa na miale hiyo.

Kwa nini miale hii inafaa kuchunguza molekuli? Kwa sababu atomu zilizoungana haziko kimya. Zinatetema muda wote, kama vitu viwili vilivyofungwa kwenye ncha za springi. Kasi ya mtetemo inategemea mambo mawili: ugumu wa springi, yaani nguvu ya kifungo, na uzito wa atomu zenyewe. Springi ngumu hutetema haraka. Mzigo mzito hutetema polepole. Mpiga gitaa anaijua kanuni hii: uzi uliokazwa hutoa sauti ya juu, uzi mnene hutoa sauti ya chini.

Miale ya infraredi inapopita kwenye sampuli, kila kifungo hufyonza ule mwale tu unaolingana na mtetemo wake. Watafiti huupima mtetemo kwa kuhesabu ni mawimbi mangapi ya mwale huo yanaenea katika sentimita moja. Uti wa mgongo wa protini yoyote hufyonza sana karibu na mawimbi 1,650 kwa sentimita, na tena karibu na 1,550. Makundi ya kaboksili, yanayopenda kushika metali, huonekana karibu na 1,400 na kati ya 1,500 na 1,600. Kifungo cha oksijeni na haidrojeni katika maji huonekana juu zaidi, katika eneo la 3,000 hadi 3,700. Vifungo vya manganizi na oksijeni viko chini, karibu na 600, kwa kuwa manganizi ni nzito.

Ukikipima kila kitu, unapata mchoro wenye milima na mabonde uitwao spektra. Elimu ya kuisoma ni spektroskopia. Kanisa halikuwa mgeni katika elimu hii. Katika karne ya 19 Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma, aliichunguza spektra ya maelfu ya nyota na kuzipanga katika makundi. Anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa spektroskopia ya nyota.

4. Kwaya na hesabu ya Fourier

Zamani ilibidi kupima mwale mmoja baada ya mwingine, kazi ndefu yenye matokeo dhaifu. Leo kinatumika kifaa kiitwacho intaferomita. Miale yote hupita kwa pamoja. Kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu huigawa katika njia mbili; njia moja huishia kwenye kioo kilichotulia, nyingine kwenye kioo kinachosogea. Miale ikirudi na kukutana, inaongezana au inafutana kulingana na mahali kilipofika kioo kinachosogea. Kipokezi kinaandika mchanganyiko huo wote.

Mchanganyiko huo haueleweki kwa macho. Ni kama kuisikiliza kwaya ikiimba sauti zote nne kwa pamoja kupitia redio moja. Mwalimu mzuri wa kwaya anaweza kusema: "Sauti ya tatu iko chini kidogo." Sikio lake limezitenganisha sauti. Kwa miale, kazi ya sikio hufanywa na hesabu ya Mfaransa Joseph Fourier (1768–1830), aliyeonyesha kwamba wimbi lolote lenye umbo gumu linaweza kuvunjwavunjwa kuwa jumla ya mawimbi mepesi. Mafrateri wenzetu watapenda kujua kwamba Fourier alilelewa katika shule ya Wabenediktini mjini Auxerre, na mwaka 1787 aliingia unovisi katika abasia ya Saint-Benoît-sur-Loire akijiandaa kwa upadre. Aliondoka mwaka 1789 bila kuweka nadhiri.

5. Kupima tofauti

Hapa tunafika kwenye shida yenyewe. Fotosistemu ya Pili ina maelfu ya atomu, na kila kifungo kinatetema. Juu ya hayo kuna maji, ambayo hufyonza kwa nguvu katika eneo lilelile la 1,650. Kifundo cha manganizi ni atomu kumi tu. Kukitafuta ndani ya spektra nzima ni kama kutafuta sauti ya mtoto mmoja uwanjani siku ya hija.

Njia iliyopatikana ni ya kutoa. Tuseme kuna lori limesheheni magunia, na juu yake amekaa kuku. Ukitaka kumjua kuku, usihangaike kupima gunia moja moja. Lipime lori lote kwenye mizani, mshushe kuku, lipime tena, kisha toa. Magunia yote yanafutika katika hesabu, na kinachobaki ni kuku. Sharti ni mbili: mizani iwe nyepesi kuhisi, na pasiwe na gunia lililoongezwa wala kupunguzwa katikati.

Usanisinuru unafaa sana kwa njia hii kwa sababu unaanzishwa na mwanga. Mtafiti huweka tabaka jembamba la protini, mara nyingi kutoka kwenye spinachi au bakteria, katikati ya vioo viwili maalumu. Anaacha gizani, anapima spektra. Anamulika mmweko mmoja wa leza, kifundo kinatoka S1 kwenda S2, anapima tena. Hakuna aliyeigusa sampuli wala kuisogeza. Kisha anatoa spektra ya kwanza kutoka ya pili. Kila kisichobadilika kinafutika. Kinachobaki ni mstari wenye vilima vya juu na vya chini: vya chini ni mitetemo iliyokuwapo na sasa haipo, vya juu ni ile iliyopatikana.

Tofauti hizo ni ndogo mno, mara nyingi chini ya sehemu moja kwa elfu ya ufyonzaji wote. Ndiyo maana kipimo kinarudiwa mara nyingi na kuchukuliwa wastani. Ukirudia mara mia, kelele za kipimo hupungua mara kumi. Ukitaka zipungue mara mia, urudie mara elfu kumi. Uvumilivu hapa ni sehemu ya elimu yenyewe. Kwa njia hii Takumi Noguchi na wenzake nchini Japani walichora tofauti za spektra za hali ya S1 na S2 katika miaka ya 1990, na mwaka 2001 yeye pamoja na Miwa Sugiura walichapisha zile za mzunguko mzima, mmweko kwa mmweko.

6. Kujua ni nani anayesema

Lakini kilima katika mchoro hakina jina. Kinasema "kuna kitu kimebadilika kwenye 1,400". Hakisemi ni kundi lipi la kaboksili kati ya mengi. Kumtambua msemaji, watafiti hutumia isotopu, yaani atomu zilezile zenye uzito tofauti. Kaboni ya kawaida ina uzito wa 12. Ipo nyingine ya 13. Oksijeni ya 16 ina ndugu yake wa 18. Kikemia zinafanana, lakini iliyo nzito hutetema polepole zaidi. Ukiweka nzito mahali pa nyepesi, kilima kinachoihusu kitasogea, na vingine vitabaki palepale.

Mwaka 1995 Rainer Hienerwadel na Catherine Berthomieu walitumia baikaboneti yenye kaboni ya 13 na kuonyesha kwamba baikaboneti imeshikana moja kwa moja na atomu ya chuma iliyomo ndani ya Fotosistemu ya Pili. Mwaka 2004 kundi la Richard Debus huko California liliwalisha bakteria asidi amino ya alanini yenye kaboni nzito. Mnyororo mkuu wa protini hiyo, uitwao D1, unaishia kwa alanini, ile ya 344. Walipotazama tofauti ya S1 na S2, waliona mtetemo wa ncha hiyo ya mnyororo ukibadilika pale manganizi inapopoteza elektroni. Ncha ya mnyororo imeshika manganizi. Mtetemo wake ndio shahidi.

7. Pale shahidi anaponyamaza

Sasa tuje kwenye kisa chenye fundisho kubwa kuliko yote. Kundi hilohilo la Debus lilichunguza asidi nyingine ya mnyororo wa D1, ile ya 170, ambayo wengi waliamini imeshika manganizi. Waliibadilisha kwa njia ya urithi, wakaweka asidi amino nyingine mahali pake, wakatarajia mchoro ubadilike. Haukubadilika kwa kiasi cha maana. Mwaka 2005 walichapisha matokeo. Mtu mwenye haraka angeandika: "Asidi ya 170 haishiki manganizi." Wao waliandika kwa uangalifu zaidi: kwamba hawakuona ushahidi kuwa asidi hiyo imeshika manganizi inayopoteza elektroni katika hatua zile walizozipima. Baadaye walichunguza asidi nyingine mbili kwa mtindo huo, nazo pia zilikuwa karibu kimya.

Ilipotoka picha ya mwaka 2011, asidi ya 170 ilionekana waziwazi: imeshika manganizi moja kwa upande huu na kalisi kwa upande huu. Je, vipimo vya infraredi vilikuwa vya uongo? Hapana. Vilipima kile vinachoweza kupima, yaani mabadiliko. Kitu kinaweza kuwapo, kikawa kimeshika nguzo ya nyumba, na bado mtetemo wake usibadilike vya kutosha kuonekana katika tofauti. Ukimya wa kipimo ulikuwa wa kweli. Ni sisi tunaoweza kuutafsiri vibaya. Aliyesema "sikuona ushahidi wa jambo hili, katika hatua hizi" alibaki mkweli hata picha ilipokuja.

8. Falsafa inapata nini hapa?

Kwanza, tunajifunza upya somo la Aristotle juu ya badiliko. Katika kila badiliko kuna kinachodumu, kuna umbo lililoachwa na kuna umbo lililopokelewa. Mchoro wa tofauti unafanana sana na maelezo hayo: kinachodumu kimefutika kwenye mstari, kilichoachwa kiko chini, kilichopokelewa kiko juu. Akili yetu ya kibinadamu hujifunza asili ya kitu kwa kutazama kinavyotenda na kinavyobadilika.

Pili, tunaona thamani ya kutoka kwenye matokeo kwenda kwenye sababu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kuna uthibitisho unaoanzia kwenye matokeo, na kwamba huo unatuhakikishia kuwa sababu ipo, ingawa hautupi ufahamu kamili wa asili yake. Joliot na Kok walijua kuna ngazi nne kabla ya yeyote kujua kifundo kina umbo gani. Kwa hiyo anayedai kwamba haaminiki asichokiona kwa macho, aanze kwanza kuikana S1 na S2.

Tatu, na hapa ndipo pana hatari kwa sisi wahubiri wa kesho: tusimweke Mungu katika mapengo ya sayansi. Hatua ya mwisho ya mzunguko, pale oksijeni inapozaliwa, ilikuwa ya haraka mno kufuatiliwa kwa vipimo vya kawaida. Mtu angeweza kusimama mimbarini na kusema: "Hapa sayansi imekwama, hapa ni mkono wa Mungu." Mwaka 2023 kundi la Holger Dau wa Berlin lilichapisha vipimo vya infraredi vinavyofuata hatua hiyo kwa sehemu za milioni ya sekunde, vikionyesha jinsi kuondoka kwa protoni kunavyotayarisha nafasi ya elektroni kuhama. Yule mhubiri angewaambia nini waamini wake wiki inayofuata? Kwamba Mungu amehama? Mtakatifu Augustino, katika maelezo yake ya kitabu cha Mwanzo, alikwisha kuwaonya Wakristo wasiongee hovyo juu ya mambo ya maumbile mbele ya watu wanaoyajua, kwa kuwa wasikilizaji hao wataidharau na Injili yenyewe.

Mafundisho ya Mtakatifu Thoma yanatupa njia bora. Mungu si elektroni ya tano wala hatua iliyofichika kati ya S3 na S0. Yeye ni Sababu ya kwanza, anayevipa vitu vyote kuwapo na uwezo wa kutenda. Manganizi na kalisi ni sababu za pili, zinazotenda kweli kwa asili aliyozipa. Tukijua zaidi jinsi manganizi inavyofanya kazi, hatumpunguzii Mungu kitu. Tunaijua zaidi kazi yake.

Nne, tuna neno kwa yule kijana anayesema Mungu haonekani kwenye kipimo. Tumeona kwamba kipimo cha tofauti kimetengenezwa ili kufuta kila kisichobadilika. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo mipaka yake. Hata asidi ya 170, ambayo ni kiumbe kidogo cha kikemia, ilipita bila kuonekana kwa sababu haikubadilika vya kutosha. Basi chombo kinachoona mabadiliko peke yake hakiwezi kutumiwa kumkana Yeye ambaye imani inakiri kwamba habadiliki. Tuseme wazi: huu ni mfano wa kutusaidia kufikiri, si uthibitisho kwamba Mungu yupo. Uthibitisho una njia zake katika metafizikia. Mfano huu unaonyesha tu kwamba kutoka "kipimo hakikuonyesha" hadi "hakipo" kuna shimo, na mtu makini haliruki bila daraja.

Hitimisho

Tumeanza na kauli mbili. Kwa yule asemaye "hawajui", tumeonyesha kwamba wanajua mengi, na kwamba heshima ya Mungu haitegemei ujinga wetu. Kwa yule asemaye "ni kemia tu", tumeonyesha kwamba kemia yenyewe, ikifanywa vizuri, inasema kwa kiasi na inajua mahali pa kunyamaza. Fadhila inayohitajika pande zote mbili ni moja: unyofu wa kusema kile tu ambacho ushahidi unakibeba, si zaidi, na kutokificha pia.

Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitualika kuyatunza mazingira kama nyumba yetu ya pamoja. Si rahisi kukitunza usichokijali, na ni vigumu kukijali usichokijua. Tukipita chini ya mwembe au katikati ya shamba la mahindi wakati wa mchana, tukumbuke kwamba katika kila jani vifundo vingi mno vya manganizi vinahesabu moja hadi nne, vikitupatia pumzi ambayo kwayo tunamsifu Mungu.

Maswali ya kutafakari, kwa mtu binafsi au katika jumuiya

1. Ni mara ngapi tumetumia maneno "sayansi haijui" kama hoja ya imani? Tungeweza kusema nini kilicho imara zaidi?

2. Kuna tofauti gani kati ya "sikuona ushahidi" na "hakuna"? Tafuta mfano katika maisha ya jumuiya, hasa pale tunapowahukumu wenzetu kwa kile tusichokiona wakitenda.

3. Ikiwa Mungu anatenda kupitia sababu za pili, je, daktari, mkulima na mtafiti wana nafasi gani katika kazi yake ya kuwaruzuku viumbe?